Orodha za barua pepe zinazojisasisha: jinsi ya kuhakikisha taarifa ya mpakani inamfikia anayehusika

Lori lenye mzigo wa kwenda Lusaka limefika Tunduma. Mzigo umefungwa lakiri, dereva yupo na mafuta yapo. Kinachokosekana ni ankara moja iliyorekebishwa, ambayo ofisi ya Dar es Salaam ilishaituma kwa barua pepe tangu jana. Barua hiyo ilikwenda kwenye anwani ya pamoja ya ofisi ya Tunduma. Lakini karani aliyehamishiwa hapo wiki mbili zilizopita hakuwahi kuongezwa kwenye orodha, na aliyeipokea ni mwenzake aliyekwishaacha kazi.

Mfano huu ni wa kubuni. Hata hivyo, wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wanaoutumia mpaka wanaijua hali hiyo kwa uzoefu wao. Lori linalolala siku mbili kwa kukosa karatasi moja lina gharama zake: posho ya dereva, maegesho, siku za kontena zinazohesabiwa, na mteja anayepiga simu kila saa. Inaumiza zaidi kwamba hakuna aliyefanya uzembe wa makusudi. Dar es Salaam wametuma, Tunduma hawajapata.

Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kupunguza tatizo hilo, nayo ni kutumia vikundi vya barua pepe vinavyojisasisha vyenyewe. Tutaona vinavyofanya kazi, mahali vinapoweza kumponza mwenye navyo, na hatua za kuchukua ili vifanye kazi iliyokusudiwa.

ORODHA YA KAWAIDA HUCHAKAA

Kampuni nyingi za usafirishaji na za uwakala wa forodha hutumia orodha ya kawaida. Fundi wa kompyuta hutengeneza anwani moja, kwa mfano "Namanga Forodha", kisha huingiza majina ya wafanyakazi mmoja mmoja. Barua ikitumwa kwenye anwani hiyo, wote waliomo wanapata nakala.

Siku ya kwanza orodha huwa sahihi. Baada ya miezi sita, karani mmoja amehamishiwa Holili, mwingine amepandishwa cheo kwenda makao makuu, wawili wameajiriwa na mmoja ameacha kazi. Kila badiliko linahitaji mtu akumbuke kumwambia fundi, na fundi akumbuke kulitekeleza katika kila orodha inayohusika. Mfanyakazi mmoja anaweza kuwa katika orodha tano: ya kituo chake, ya idara yake, ya nchi yake, ya zamu za usiku na ya wafanyakazi wote. Akihama, ni rahisi kumtoa katika mbili na kusahau tatu.

Kwa biashara yenye ofisi moja hili si tatizo kubwa. Kwa biashara ya kuvuka mipaka ni tatizo. Tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, kazi ya kuondosha mzigo mmoja imegawanyika katika ofisi za nchi mbili au zaidi. Tamko la forodha linaweza kuandaliwa katika nchi unakokwenda mzigo, ilhali kontena lenyewe bado liko bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Vituo vya Huduma kwa Pamoja Mpakani, kama kile cha Namanga kilichozinduliwa mwaka 2018 na cha Tunduma na Nakonde cha mwaka 2019, navyo vimepunguza hatua za ukaguzi. Maana yake ni kwamba lori linatarajiwa kupita haraka, na kama karatasi hazikumtangulia dereva, faida yote ya kituo cha pamoja inapotea.

KIKUNDI KINACHOJISASISHA NI NINI

Kikundi cha aina hii hakina majina yaliyoandikwa ndani yake. Kina sharti. Badala ya kusema "mpelekee Asha, Juma na Neema", sharti linasema "mpelekee kila mfanyakazi ambaye idara yake ni Forodha na kituo chake ni Namanga". Mfumo wenyewe hutafuta nani anatimiza sharti hilo katika kumbukumbu za wafanyakazi.

Karani akihamishwa kutoka Namanga kwenda Horohoro, anayetunza kumbukumbu hubadili neno moja tu katika taarifa za karani huyo. Hapo hapo anakuwa amemtoa katika vikundi vyote vya Namanga na kumwingiza katika vyote vya Horohoro. Hakuna haja ya kufungua orodha tano.

Mfumo unaotumiwa sana makazini wenye uwezo huu ni Exchange wa kampuni ya Microsoft. Uwezo huo ulianza katika toleo la mwaka 2003, na toleo la 2007 liliupa jina unalotumia hadi leo. Siku hizi kampuni nyingi hazina seva yao wenyewe. Zinalipia huduma hiyo kupitia mtandao, ikiwa sehemu ya Microsoft 365. Walio bado na seva ofisini wakumbuke kwamba matoleo ya 2016 na 2019 yaliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kuendelea kuyatumia ni kujiweka katika hatari ya kuvamiwa.

Sharti la kikundi huwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni aina ya wapokeaji: je, ni wafanyakazi wenye visanduku vya barua ndani ya kampuni pekee, au pia watu wa nje waliosajiliwa na anwani zao, au hata vikundi vingine? Sehemu ya pili ni sifa zao. Katika ukurasa wa kawaida wa usimamizi unaweza kuchagua mkoa au jimbo, idara, kampuni, na nafasi 15 za ziada ambazo kampuni inaweza kuzijaza inavyotaka.

Kuna jambo moja la kukariri hapa. Ukitaja maneno mawili katika sifa moja, mfumo unaelewa "au". Ukitaja sifa mbili tofauti, mfumo unaelewa "na". Kwa hiyo idara "Forodha" pamoja na "Magari" itachukua watu wa idara zote mbili, lakini idara "Forodha" pamoja na mkoa "Kagera" itachukua watu wa forodha walio Kagera tu. Wengi wanaochanganya mambo haya mawili hujikuta wana kikundi kisicho na mtu hata mmoja, au kilicho na kampuni nzima.

MTEGO WA KWANZA: MAJINA YA VITUO

Mfumo hausomi maana, unalinganisha maandishi. Neno lililo katika sharti lazima liwe sawa na neno lililo katika taarifa za mfanyakazi. Aliyeandikiwa "DSM" hatapata barua ya kikundi kinachotafuta "Dar es Salaam". Aliyeandikiwa "Uchukuzi" hatakuwamo katika kikundi cha "Usafirishaji", hata kama anakaa meza moja na waliomo.

Mipaka yetu ina mtego wake wa pekee. Vituo vingi vina majina mawili, moja kila upande. Upande wa Tanzania ni Sirari, upande wa Kenya ni Isebania. Holili inatazamana na Taveta, Horohoro na Lunga Lunga, Tunduma na Nakonde, Kabanga na Kobero ya Burundi. Kati ya Rwanda na Uganda tofauti ni ya herufi moja tu: Gatuna upande wa Rwanda na Katuna upande wa Uganda. Namanga, Mutukula na Rusumo hutumia jina moja pande zote mbili, jambo ambalo nalo lina matatizo yake, kwani aliyeandikiwa "Namanga" anaweza kuwa karani wa Tanzania au wa Kenya.

Songwe inahitaji uangalifu zaidi. Kwa Watanzania, Songwe ni mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ndani yake ndimo ulimo mji wa Tunduma unaopakana na Zambia. Lakini kwa msafirishaji aendaye Malawi, Songwe ni kituo cha upande wa pili wa Kasumulu, ambacho upande wa Tanzania kiko Kyela, mkoani Mbeya. Kampuni inayojaza "Songwe" bila kueleza ni ipi inaweza kupeleka nyaraka za Lilongwe kwa makarani wa Tunduma, na mfumo hautaona kosa lolote.

Dawa yake ni kutotumia nafasi ya mkoa kwa ajili ya kituo. Tumieni mojawapo ya zile nafasi 15 za ziada, na ndani yake muandike alama fupi ambayo nyote mmekubaliana: kwa mfano TZ-TUNDUMA, ZM-NAKONDE, TZ-KASUMULU, MW-SONGWE, TZ-NAMANGA, KE-NAMANGA. Alama hizo ziandikwe kwenye karatasi moja, zibandikwe ofisini, na mtu asiruhusiwe kubuni nyingine. Mtu anayefanya kazi pande zote mbili awekewe alama ya pili katika nafasi nyingine ya ziada.

ANAYEACHWA HAPATI TAARIFA, NA ANAYETUMA PIA

Katika orodha ya kawaida, anayeachwa angalau anaweza kuonekana kwa kufungua orodha na kusoma majina. Katika kikundi kinachojisasisha, mtumaji akifungua kitabu cha anwani katika Outlook haoni majina ya waliomo. Kama nafasi ya idara ya mfanyakazi mpya imeachwa tupu, barua zinampita. Mtumaji anadhani zimefika, na mfanyakazi mwenyewe hajui kama kuna kitu amekosa. Hakuna barua inayorudi kusema "fulani ameachwa".

Ndiyo maana kikundi kipya kisitangazwe kabla ya kukaguliwa. Msimamizi wa mfumo anaweza kutoa orodha ya waliomo kwa amri ya Get-DynamicDistributionGroupMember katika dirisha la PowerShell la Exchange. Orodha hiyo apewe mkuu wa kituo aisome kwa macho yake, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani yuko kazini na nani hayupo. Fundi aliye makao makuu hawezi kujua kwamba karani wa zamu ya usiku Rusumo hayumo.

Upande wa pili wa shilingi ni kikundi kinachobeba watu wengi mno. Msimamizi akichagua "wapokeaji wote" na kusahau kuweka sifa yoyote, barua ya mishahara ya kituo kimoja inaweza kwenda kwa kampuni nzima, pamoja na mawakala wa nje waliosajiliwa humo.

MAWAKALA NA WATU WA NJE

Wasafirishaji wengi hawana wafanyakazi wao katika kila mpaka. Hutumia wakala wa forodha wa Nakonde, wa Kobero au wa Kasumbalesa, ambaye ana anwani yake mwenyewe, mara nyingi ya bure. Mtu huyo anaweza kusajiliwa katika mfumo kama mpokeaji wa nje, akajaziwa idara na alama ya kituo, naye akaingia katika kikundi kama wafanyakazi wengine. Hii ni faida kubwa, kwani barua moja inawafikia watu wa pande zote mbili za mpaka kwa wakati mmoja.

Lakini hapa ndipo penye hatari inayogusa mfuko moja kwa moja. Mkataba wa wakala ukiisha, hakuna ofisi ya utumishi inayomfuta, kwa sababu hakuwa mwajiriwa. Jina lake linabaki katika mfumo, sharti linaendelea kumchagua, na kila ankara, kila bei ya mteja na kila ratiba ya malori inaendelea kumfikia. Huenda sasa anafanya kazi na mshindani wako. Hajaiba kitu, ni wewe unayemtumia kila asubuhi.

Tengenezeni vikundi viwili kwa kila kituo: kimoja cha wafanyakazi pekee na kingine chenye mawakala. Majina yake yaoneshe tofauti hiyo waziwazi, kwa mfano "Tunduma Ndani" na "Tunduma na Mawakala", ili mtumaji ajue anaongea na nani kabla ya kubonyeza kitufe. Na tarehe ya mwisho ya mkataba wa wakala iandikwe katika daftari la mtu mmoja mwenye jukumu la kumfuta.

Suala hili lina sura ya kisheria pia. Nyaraka za safari hubeba nakala za pasipoti na leseni za madereva, pamoja na namba za simu. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi za mwaka 2019, Rwanda ina yake ya mwaka 2021, na ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kampuni inayotawanya nakala za pasipoti kwa watu wasiohusika haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba kompyuta ndiyo iliyochagua.

ANAYEACHA KAZI

Wengi hudhani kwamba mtu akifungiwa nenosiri lake basi ametoka katika vikundi. Sivyo. Sharti la Exchange huangalia sifa za kisanduku cha barua, si kama mwenyewe bado anaweza kuingia. Kisanduku kikiwapo na idara yake ikisomeka "Forodha", barua zinaendelea kuingia. Kama kabla ya kuondoka aliweka agizo la kupeleka barua zake kwenye anwani yake binafsi, na hakuna aliyeliona agizo hilo, basi barua za ofisi zinaweza kuendelea kumfuata.

Utaratibu mzuri ni huu. Siku mfanyakazi anapoondoka, nafasi za idara na kituo zifutwe, maagizo yote ya kupeleka barua nje yakaguliwe na kuondolewa, ndipo akaunti ifungwe. Njia nyingine ni kutenga nafasi moja ya ziada kwa ajili ya hali ya ajira, ikaandikwa "KAZINI", na kila kikundi kikawekewa sharti la kutafuta neno hilo. Anayeondoka akifutiwa neno hilo moja, anatoka katika vikundi vyote kwa mpigo. Njia hiyo inafaa pia kwa mawakala wa nje.

HAKIFANYI KAZI PAPO HAPO

Wanaotumia seva yao ofisini, mfumo hutafuta waliomo kila barua inapotumwa. Wanaotumia huduma ya mtandaoni wafahamu kwamba hali ni tofauti. Orodha ya waliomo huhifadhiwa na kusasishwa mara moja kila baada ya saa 24. Kikundi kikiwa kipya, au sharti likibadilishwa, Microsoft inashauri kusubiri saa mbili kabla ya kukitumia.

Kwa biashara yetu saa 24 si kitu kidogo. Karani aliyehamishiwa Mutukula leo asubuhi anaweza asipate barua ya leo jioni. Kwa hiyo badilikeni kwenye kumbukumbu siku moja kabla ya uhamisho. Pakiwa na dharura, msimamizi anaweza kulazimisha kikundi kisasishwe kwa amri maalumu, lakini hilo lisifanywe desturi. Na kwa mzigo wa haraka, simu bado ina kazi yake: tuma barua, kisha mpigie karani athibitishe kwamba ameiona.

NANI ARUHUSIWE KUTUMA

Kwa kawaida, kikundi kipya katika Exchange hukataa barua kutoka nje ya kampuni. Mteja wa Kigali akiituma kwenye anwani ya kikundi, itarudishwa. Wapo wanaoona hili ni usumbufu na kufungua milango yote. Fikirini kwanza.

Matapeli wa barua pepe huwalenga sana wanaolipana kuvuka mipaka. Hujifanya msambazaji, wakatuma barua inayosema akaunti ya benki imebadilika, malipo yajayo yaende kwingine. Anwani ya pamoja ya idara ya hesabu iliyo wazi kwa dunia nzima inampa tapeli nafasi ya kuwafikia wahasibu wote kwa barua moja, na anachohitaji ni mmoja tu kati yao aamini. Vikundi vya hesabu na vya wakuu vibaki vimefungwa kwa watu wa nje. Kama wateja wanahitaji anwani ya pamoja, wapewe kisanduku kimoja cha mapokezi kinachosomwa na watu maalumu.

Vikundi vikubwa pia viwekewe orodha ya wanaoruhusiwa kutuma, au mtu wa kupitisha barua kabla hazijasambazwa. Barua ya "wafanyakazi wote" inayojibiwa na kila mmoja kwa kusema "asante" huweza kuzifunika barua za maana siku nzima, na siku hiyo inaweza kuwa tarehe 1 Julai, siku ambayo kila mwaka mabadiliko ya ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki huanza kutumika na kila karani anasubiri maelekezo.

KAZI YA FUNDI AU YA OFISI YA UTUMISHI?

Hapa ndipo kampuni nyingi hukwama. Vikundi vinavyojisasisha haviondoi kazi, vinaihamisha. Zamani aliyetunza orodha alikuwa fundi wa kompyuta. Sasa anayeamua nani apate barua ni yule anayejaza idara na kituo cha mfanyakazi, na mara nyingi huyo ni afisa utumishi ambaye hajawahi kuambiwa kwamba nafasi hiyo ndogo kwenye fomu ina uzito kiasi hicho. Akiiacha tupu, mtu anakosa barua. Akikosea, nyaraka zinakwenda kwingine.

Kwa sababu hiyo, afisa utumishi, fundi na mkuu wa usafirishaji wakae pamoja kabla ya kuanza. Wakubaliane nani anajaza, kwa alama zipi, na ndani ya muda gani. Wahakikishe pia kwamba mfanyakazi mwenyewe hawezi kubadili idara wala kituo chake, vinginevyo anaweza kujiingiza katika kikundi kisichomhusu. Na kama taarifa za wafanyakazi zinatoka kwenye seva ya ofisini na kunakiliwa mtandaoni, mabadiliko yafanywe huko zinakotoka.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba vikundi hivi vya Exchange ni vya kusambaza barua tu. Haviwezi kutumiwa kumpa mtu ruhusa ya kufungua mafaili. Ipo aina nyingine ya vikundi vya Microsoft 365 vinavyojisasisha na vinavyoweza kutoa ruhusa hizo, lakini hivyo huhitaji leseni ya ziada ya Microsoft Entra ID ya daraja la P1 kwa kila aliyemo. Watumiaji wa Google Workspace nao wana vikundi vinavyofanana na hivi, ila katika baadhi ya matoleo ya bei ya juu tu. Ulizieni bei kabla ya kupanga.

KWA KAMPUNI NDOGO

Mwenye malori matatu na makarani wawili hahitaji haya yote. Orodha ya kawaida inamtosha, mradi aipitie kila tarehe 1 ya mwezi akiwa na daftari la mahudhurio mkononi, akiuliza maswali mawili: nani amekuja na hayumo, nani ameondoka na bado yumo. Manufaa ya vikundi vinavyojisasisha huanza kuonekana pale vituo vinapokuwa vingi na uhamisho kuwa wa mara kwa mara, kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kukumbuka kila jina.

HATUA ZA KUFUATA

1. Andikeni orodha ya vituo vyote mnavyofanyia kazi, pande zote mbili za mpaka, na mkipe kila kimoja alama moja isiyofanana na nyingine.

2. Orodhesheni idara kwa majina machache yasiyobadilika: Forodha, Magari, Hesabu, Ghala.

3. Safisheni taarifa za wafanyakazi na mawakala wote kabla ya kutengeneza kikundi chochote. Mfumo hauwezi kuchagua vizuri kutoka katika kumbukumbu mbovu.

4. Anzeni na kituo kimoja chenye shughuli nyingi. Tengenezeni kikundi, subirini saa mbili, toeni orodha ya waliomo, mpeni mkuu wa kituo aihakiki.

5. Tumeni barua ya majaribio, na kila mmoja ajibu kwa mtumaji peke yake. Asiyejibu apigiwe simu.

6. Kwa mwezi mmoja, wekeni orodha ya zamani karibu, lakini msiitumie. Mwezi ukiisha bila malalamiko, ifuteni. Kuwa na orodha mbili zinazofanana ni kukaribisha mkanganyiko upya.

7. Kila robo mwaka, toeni majina ya waliomo katika kila kikundi na kuyalinganisha na orodha ya mishahara na mikataba ya mawakala.

Hatua ya saba ndiyo inayorukwa na wengi, kwa imani kwamba kitu kinachojisasisha hakihitaji kutazamwa. Mwenye lori hujua kwamba hata gari lenye breki mpya hukaguliwa kabla ya kushuka mlima Kitonga. Kikundi cha barua nacho kikaguliwe, ili lori likifika mpakani likute karatasi zimekwishafika.